Kilicho katikati ya mapafu: kuielewa mediastinamu

Sauti inamkauka mtu. Hana mafua, hakupiga kelele, koo halimuumi. Wiki ya tatu inaingia na bado anaongea kwa kukwaruza. Daktari anapitisha kamera ndogo hadi kwenye zoloto, kisanduku cha sauti kilicho kooni, na kuona kwamba kati ya nyuzi mbili za sauti, mmoja umelala: wa kulia unakwenda na kurudi, wa kushoto hautikisiki. Hapana kidonda, hapana uvimbe. Badala ya dawa ya koo, mgonjwa anaandikiwa picha ya kifua.

Wengi hapo hudhani karatasi imekosewa. Sauti hutoka shingoni, kifua kimeingiaje?

Kimeingia kwa sababu ya eneo moja la mwili ambalo watu wengi hawajawahi kulisikia jina lake, ingawa moyo hudunda humo humo. Wataalamu huliita mediastinamu, yaani sehemu ya katikati ya kifua. Wanafunzi wa udaktari huiogopa, kwa sababu hufundishwa kama orodha ndefu ya vitu vya kukariri. Orodha ni ndefu kweli, sitadanganya. Lakini vitu hivyo havikutupwa humo ovyo, na ukishajua nani anapakana na nani, mambo mengi yanayoonekana kama mazingaombwe yanaeleweka: uso unaovimba kwa sababu ya kifua, bega linalouma ilhali kasoro iko moyoni, jino bovu linalomfikisha mtu chumba cha wagonjwa mahututi.

Si kiungo, ni nafasi

Kosa la kwanza ni kuitafuta mediastinamu kana kwamba ni kiungo. Ini unaweza kulitoa ukaliweka mezani, figo vilevile. Mediastinamu huwezi, maana ni nafasi iliyobaki baada ya mapafu kuchukua pande zake. Kila pafu lina utando wake unaolivika, uitwao plura, na tando za pande mbili hazikutani katikati. Kati yake umebaki ujia mnene unaoteremka kutoka shingoni hadi kwenye kiwambo, ule msuli mpana unaotenga kifua na tumbo. Kila kilichomo kifuani kisichokuwa pafu kimo katika ujia huo: moyo, mishipa mikubwa ya damu, bomba la hewa, umio (njia ya chakula), tezi, neva, pamoja na mafuta na tishu laini za kuvishikiza.

Mbele ujia umezibwa na mfupa wa kidari, nyuma na pingili 12 za kifua, chini na kiwambo. Juu haukuzibwa. Pale mbavu za kwanza zinapofanya duara pamoja na pingili ya kwanza na ukingo wa juu wa kidari, pana mlango, nao uko wazi kuelekea shingoni. Mlango huo tutaurudia baadaye, maana una visa vyake.

Vitabu huuchora ujia huu kama ukuta uliosimama kati ya vyumba viwili. Mimi sipendi mfano huo. Ukuta hauchezi, lakini mediastinamu ya mtu aliye hai haitulii: moyo hushuka unapovuta pumzi ndefu, bomba la hewa hurefuka, umio hutanuka tonge linapopita. Ukilalia ubavu wa kushoto, moyo nao husogea upande huo. Ulaini huu una faida zake, ila hugeuka balaa pafu linapotoboka na hewa ikawa inaingia kwenye nafasi ya plura bila njia ya kutoka. Shinikizo hupanda upande mmoja na kuisukuma mediastinamu nzima upande wa pili. Vena kubwa (mishipa inayorudisha damu moyoni) hubanwa, damu inashindwa kurudi moyoni, na mtu anaweza kufa katika dakika chache. Ndiyo sababu daktari huweka kidole juu ya kidari na kupapasa bomba la hewa kama bado liko katikati. Pafu lililosinyaa hufanya kinyume chake: huvuta kila kitu kije upande wake.

Mistari iliyochorwa na watu

Weka kidole kwenye kishimo kilicho chini ya shingo, kati ya mitulinga miwili. Teremka taratibu juu ya kidari, kama sentimita 5. Utakutana na kituta kidogo kilicholala kutoka kulia kwenda kushoto. Hapo ndipo ubavu wa pili unaposhikana na kidari. Mstari wa kufikirika ukitoka hapo moja kwa moja kwenda mgongoni, hufika kati ya pingili ya 4 na ya 5 ya kifua. Juu ya mstari huo ni mediastinamu ya juu. Chini yake ni mediastinamu ya chini.

Ya chini hugawanywa tena mara tatu, na hapa watu hupotea bure. Rula ni moja tu, nayo ni mfuko wa moyo. Kilicho mbele ya mfuko ni mediastinamu ya mbele. Mfuko wenyewe na moyo uliomo ni ya kati. Kilicho nyuma ya mfuko ni ya nyuma. Basi.

Vitabu hupenda kusema kwamba kwenye mstari ule wa kituta mambo mengi hutokea mahali pamoja: upinde wa aorta (ateri kuu, yaani mshipa mkuu unaotoa damu moyoni) huanzia hapo na kuishia hapo, bomba la hewa hugawanyika matawi mawili, na vena iitwayo azigosi hupinda mbele na kumimina damu yake kwenye vena kava ya juu. Kwa makadirio, ni kweli. Lakini picha za CT (eksirei za kompyuta zinazoonyesha mwili vipande vipande) za watu walio hai huonyesha vitu hivyo vikipanda na kushuka, baina ya mtu na mtu na hata kwa mtu yuleyule anapohema. Panda ya bomba la hewa inaweza kuteremka hadi usawa wa pingili ya 6. Maiti waliochunguzwa na waandishi wa zamani walikuwa wamelala na hawavuti pumzi. Mstari unafaa kama mnara unavyomfaa nahodha: humjulisha yuko karibu na nini, si kina cha maji chini ya chombo chake.

Wala huu si mgawanyo pekee. Mwaka 2014 kundi la kimataifa linaloshughulikia saratani za tezi ya thaimasi lilipendekeza mgawanyo unaofuata picha za CT, wenye sehemu tatu: iliyo mbele ya mishipa mikubwa, ya viungo vya katikati, na iliyo kando ya uti wa mgongo. Faida yake inaonekana uvimbe unapogunduliwa. Uvimbe haujali mistari yetu, lakini kila uvimbe umezaliwa na kitu fulani. Ukiwa mbele, wa kushukiwa ni thaimasi, limfoma (saratani ya tezi za limfu), teratoma (uvimbe wenye tishu za aina nyingi), au goita iliyozama kutoka shingoni. Ukiwa kando ya pingili, mara nyingi umeota kwenye neva. Kujua mahali ni nusu ya kujua jina.

Juu: vena mbele, ateri nyuma yake

Anayeanza kusoma mediastinamu ya juu na akariri jambo moja: ukitoka kwenye kidari kwenda mgongoni utakutana na thaimasi, kisha vena, kisha ateri, kisha bomba la hewa, kisha umio.

Thaimasi kwa mtu mzima ni mafuta zaidi kuliko tezi. Kwa mtoto mdogo ni kubwa kiasi kwamba hujaza eksirei na kumtisha asiyeizoea. Kwa muda mrefu ilionekana kama kitu kisicho na kazi, mpaka mwaka 1961 Jacques Miller, akifanya utafiti London, alipoonyesha kwamba panya walioondolewa tezi hiyo wangali wachanga hukua bila kinga ya kutosha dhidi ya maradhi. Ndiyo inayolea chembe nyeupe za damu ziitwazo T, na herufi hiyo imetoka kwenye jina lake.

Nyuma yake ni vena mbili kubwa zinazoleta damu kutoka kichwani na mikononi. Hazilingani. Vena kava ya juu, ambayo zote mbili huingia, iko kulia. Kwa hiyo ya kulia hushuka tu kwa njia fupi, lakini ya kushoto hulazimika kukatiza kifua kizima nyuma ya kidari. Kwa watoto vena hiyo inayokatiza inaweza kuchungulia juu ya kidari hadi mwanzo wa shingo, na mpasuaji anayetoboa njia ya hewa shingoni kwa mtoto akiisahau, anaweza kujikuta ndani ya damu.

Ukiielewa hali hiyo, umeielewa mediastinamu kwa upana wake. Upande wa kulia ni wa vena: vena kava, azigosi. Upande wa kushoto ni wa aorta, upinde wake na shina lake linaloteremka. Mpasuaji akifungua kifua kutoka kulia huona rangi ya buluu. Akifungua kutoka kushoto huona ateri inayodunda mbele ya macho yake.

Vena kava ya juu ina ukuta mwembamba na damu ya shinikizo dogo, tena imezungukwa na tezi za limfu na mfupa mgumu mbele yake. Uvimbe wowote upande huo utaanza kuionea yeye kwanza. Damu ya kichwani inakosa njia, uso na shingo vinavimba, hasa asubuhi baada ya kulala chali au mgonjwa anapoinama, na mishipa ya kifuani inatokeza chini ya ngozi ikitafuta njia za uchochoroni. William Hunter, daktari wa Scotland, aliieleza hali hii mwaka 1757 kwa mgonjwa ambaye aorta yake ilikuwa imetuna kwa sababu ya kaswende. Siku hizi saratani ndiyo hutajwa zaidi, pamoja na mipira ya dawa inayoachwa muda mrefu ndani ya vena.

Mediastinamu ya mbele naipita haraka, kwani haina mengi: mkia wa thaimasi, mafuta, tezi chache za limfu.

Mfuko usiokubali haraka

Moyo umevikwa perikadiamu, yaani mfuko wa moyo. Tabaka lake la nje ni gumu na limeshikamana na kiwambo kwa chini, ndiyo maana kila pumzi huuvuta moyo. Ndani ya mfuko kwa kawaida kuna maji kidogo sana, hayafiki mililita 50, ya kulainisha msuguano.

Ugumu wa mfuko huo una kanuni ya ajabu: haukubali haraka, lakini hukubali taratibu. Damu mililita 150 hadi 200 ikiingia ghafla, tuseme kutokana na jeraha la kisu, yaweza kuua, kwa kuwa mfuko hautanuki na moyo unakosa nafasi ya kujaa. Ila maji yakiongezeka kidogokidogo kwa wiki nyingi, kama kifua kikuu kinavyoweza kufanya, mfuko hunyumbuka hata ukabeba zaidi ya lita moja mgonjwa akiwa bado anatembea. Claude Beck, mpasuaji wa Marekani, alieleza mwaka 1935 dalili tatu za moyo uliobanwa hivyo: shinikizo la damu linashuka, mishipa ya shingo inatuna, na mapigo ya moyo yanasikika kwa mbali kama yamefunikwa blanketi. Si kila mgonjwa huonyesha zote tatu, na anayezisubiri zitimie huchelewa.

Pembeni mwa mfuko huo zinapita neva mbili za freniki, moja kila upande, zikielekea kwenye kiwambo kukiamuru kivute pumzi. Kinachoshangaza ni asili yake: zinatoka shingoni, usawa wa pingili ya 3, 4 na 5 ya shingo. Mbona neva ya msuli wa chini ya kifua itoke mbali hivyo? Kwa sababu kiwambo kilianza kuumbika karibu na shingo ya kiinitete, kisha kikashuka na neva yake ikikifuata. Ubongo haujasahau anwani ya zamani. Perikadiamu au kiwambo kikiwashwa na ugonjwa, maumivu husikika begani, kwani ngozi ya bega hupata neva zake kutoka pingili zilezile.

Nyuma ya moyo

Nyuma ya mfuko wa moyo kuna umio, aorta inayoshuka, vena ya azigosi, na mfereji mmoja mwembamba nitakaoutaja baadaye kidogo.

Umio una urefu wa kama sentimita 25, na umepita nyuma ya chumba cha juu cha kushoto cha moyo kwa ukaribu usiowazika. Madaktari wamegeuza ujirani huo kuwa dirisha: mgonjwa hupitishiwa kipima-ultrasauti kupitia kinywani hadi kwenye umio, na moyo unaonekana kutoka nyuma bila mbavu wala mapafu kuzuia. Ujirani una ubaya wake pia. Chumba hicho kikipanuka kwa ugonjwa wa vali (milango ya moyo), mtu anaweza kuanza kulalamika kwamba chakula hakishuki.

Tofauti na sehemu kubwa ya utumbo, umio hauna tabaka laini la nje la kuufunika. Ukipasuka, kilichomo kinamwagika moja kwa moja kwenye tishu legevu za mediastinamu. Kisa mashuhuri ni cha Baron Jan van Wassenaer, admirali wa Uholanzi. Baada ya karamu alikunywa dawa ya kujitapisha, akasikia kitu kimechanika kifuani, akafa kabla saa 24 hazijatimia. Daktari wake, Herman Boerhaave, alimpasua baada ya kifo, akakuta umio umekatika na kifua kinanuka nyama ya bata aliyoila. Aliandika kisa hicho mwaka 1724, na hadi leo mpasuko wa namna hiyo unaitwa kwa jina la Boerhaave. Mara nyingi hutokea upande wa kushoto, juu kidogo ya kiwambo.

Sasa ule mfereji. Ni mwembamba kama mrija wa kalamu, kuta zake zinapenya mwanga, na mpasuaji anaweza kuukata bila kujua. Hukusanya limfu, maji yanayochujwa kutoka kwenye tishu, ya mwili mzima isipokuwa upande wa kulia wa kichwa, shingo na kifua pamoja na mkono wa kulia, na kuimimina kwenye makutano ya vena upande wa kushoto wa shingo, lita moja na nusu hadi mbili na zaidi kwa siku. Baada ya mlo wenye mafuta, maji yake huwa meupe kama maziwa. Jean Pecquet, mwana-anatomia wa Ufaransa, aliuona kwa mbwa mwaka 1651. Huanza safari upande wa kulia wa pingili, na karibu na pingili ya 5 ya kifua huvuka kwenda kushoto. Kwa hiyo ukijeruhiwa chini ya kivuko hicho, maji meupe hujaa upande wa kulia wa kifua. Ukijeruhiwa juu yake, hujaa kushoto. Sijui jambo jingine la anatomia linalolipa upesi namna hiyo.

Mlango wa juu, na neva iliyoburutwa

Tulisema mlango wa juu uko wazi. Tabaka za tishu za shingoni hazikomei kwenye mtulinga; zinateremka mbele ya bomba la hewa hadi kwenye mfuko wa moyo, na nyuma ya koo hadi mediastinamu ya nyuma. Usaha wa jino la chini au wa koo ukipata njia hizo, hushuka kwa uzito wake, tena kifua kinachovuta pumzi huunyonya kwenda chini. Mgonjwa aliyekuja na shavu lililovimba anaweza kuwa na maambukizi yanayouzunguka moyo siku chache baadaye, na hayo huua wengi hata kwa antibayotiki nzuri. Njia hiyohiyo ina kheri yake: mwaka 1959 Eric Carlens, mpasuaji wa Sweden, alieleza namna ya kupitisha bomba lenye taa kupitia mchano mdogo juu ya kidari, likifuata bomba la hewa, ili kuchukua vipande vya tezi za limfu bila kupasua kifua.

Turudi kwa mtu wetu mwenye sauti ya kukwaruza. Nyuzi za sauti huendeshwa na neva inayochipuka kutoka kwenye vagasi, neva ndefu inayotoka kwenye ubongo. Ingekuwa rahisi ichipuke shingoni na kufika. Haifanyi hivyo. Ya kushoto hushuka hadi kifuani, huzunguka chini ya upinde wa aorta, kisha hupanda tena kati ya bomba la hewa na umio hadi kwenye zoloto. Ya kulia huzunguka ateri ya mkono, juu zaidi, na haiingii kifuani kwa kina. Sababu ni ileile ya kiwambo. Katika kiinitete moyo uko karibu na koo na neva ilipita chini ya mishipa yake kwa njia ya mkato. Moyo uliposhuka, mishipa ikaiburuta neva. Kwa twiga hesabu hiyo ni mita kadhaa za kwenda na kurudi. Galen, tabibu wa Kigiriki wa karne ya 2, aliikata kwa nguruwe hai mbele ya watazamaji, na mnyama aliyekuwa akipiga mayowe akanyamaza papo hapo.

Kwa hiyo uzi wa kushoto ukilala bila sababu shingoni, kosa linaweza kuwa mahali popote kwenye kitanzi hicho. Inaweza kuwa aorta iliyotuna. Inaweza kuwa moyo uliopanuka, kama Norbert Ortner, daktari wa Austria, alivyoeleza mwaka 1897 kwa wagonjwa wa vali. Inaweza kuwa saratani ya pafu la kushoto iliyofika kwenye tezi za limfu. Msomaji wa picha atatazama kwanza pengo dogo lililo kati ya upinde wa aorta na ateri ya mapafu, mahali neva inapojipinda. Ukingo wa pengo hilo kwenye eksirei hutakiwa uwe umebonyea kuelekea ndani, au umenyooka. Ukiwa umebetuka kwa nje, hatahangaika tena na koo. Ataandika mgonjwa apigwe picha ya CT ya kifua.